Florini, Pauni ya Dhahabu au Krauni? Kabla ya Kulipa, Tazama Ubavu

Wanaoanza kukusanya sarafu za zamani za Uingereza hulalamika jambo lile lile. Sarafu ilionekana safi kwenye picha, uso wa Malkia Victoria unang'aa, mwaka unasomeka, bei si mbaya. Siku ya kuiuza, mnunuzi mzoefu hata usoni haangalii. Anaisimamisha kati ya vidole viwili, anauzungusha ubavu, yaani ule unene unaoizunguka sarafu, kisha anairudisha: hii ilikuwa kidani. Basi, bei inashuka mpaka kwenye thamani ya madini peke yake.

Kutambua sarafu yenyewe si kazi ngumu, kwa hiyo tupite haraka. Za fedha za Victoria zina sura kuu tatu: ya ujana mpaka 1887, ya Jubilei yenye kitaji kidogo utosini kuanzia 1887 hadi 1893, na ya uzeeni yenye shela kuanzia 1893. Kuhusu madini, mwaka unatosha. Mpaka 1919 fedha ni sehemu 925 kwa 1000, kuanzia 1920 hadi 1946 ni 500, na kuanzia 1947 sarafu za kawaida hazina fedha kabisa, ni shaba na nikeli. Anayekuuzia nusu-krauni (shilingi mbili na nusu) ya 1948 kama "fedha halisi" ama hajui anachouza, ama anajua vizuri sana.

Turudi ubavuni. Enzi za Victoria watu walivaa sarafu: kidani, bruchi, pambo la mnyororo wa saa. Sonara alikuwa na njia nne, na kila moja huacha alama yake. Ya kwanza ni kitanzi kilichochomelewa juu ya kichwa. Ya pili ni tundu, ambalo baadaye huzibwa. Ya tatu ni pini ya bruchi iliyochomelewa mgongoni. Ya nne ni fremu ya kucha zinazobana ukingo bila moto.

Kagua hivi. Shika sarafu kwa ubavu, usiguse uso. Weka taa moja pembeni, chini, mwanga uje ukilala. Tumia lenzi ya sonara inayokuza mara 10. Anzia juu ya utosi wa mtawala, saa 12, kwa sababu kitanzi karibu kila mara hukaa hapo ili uso uning'inie wima. Hesabu meno ya ubavuni kwa jicho, yaani ile mistari iliyosimama: lazima yaendelee bila kukatika. Yakilala, yakijaa kitu cha kijivu au cha njano, au yakiwa makali kuliko wenzake kana kwamba yamechongwa upya, umefika. Kisha izungushe polepole mpaka urudi ulipoanzia. Vijeraha vitatu au vinne vyenye nafasi sawa ni kucha za fremu. Kimoja peke yake, kisicho na mwenzake, huenda sarafu ilianguka tu, na hilo linasameheka.

Mizani pia husema, ila si vile wengi wanavyodhani. Watu hutafuta uzito uliopungua. Kwa kidani cha zamani, ogopa uzito uliozidi. Krauni mpya, ile ya shilingi tano, ilikuwa gramu 28.28. Iliyotumika miaka mingi lazima iwe imepoteza kidogo. Sura ya Malkia ikiwa imelika na mizani bado inasoma 28.4, kuna risasi ya sonara, yaani madini ya kuchomelea, mahali fulani. Nunua mizani inayosoma hadi 0.01 ya gramu. Ya jikoni haitakusaidia.

Jambo moja zaidi: ng'arisho la ajabu mara nyingi ni mtoto wa kidani. Moto wa kuchomelea huacha doa la kahawia au buluu kuzunguka kiungo, na anayetaka kulificha husugua sarafu nzima. Ndiyo maana sarafu ya miaka 130 inayong'aa kama sufuria mpya, yenye mikwaruzo myembamba inayoelekea upande mmoja, ipelekwe moja kwa moja chini ya lenzi, saa 12.

Sasa mpangilio wa sarafu za kununua, kwa kipimo hicho cha ubavu.

Nafasi ya kwanza ni florini na nusu-krauni za 1893 hadi 1919, na sioni mpinzani wa karibu. Florini, ya shilingi mbili, ni gramu 11.31 na upana wa milimita 28.5, nusu-krauni ni 14.14 na milimita 32.3. Zina fedha ya 925, meno yanazunguka ubavu wote, na ni kubwa kiasi cha kukaguliwa bila kuumiza macho. Hazikuvaliwa sana kama ndugu zao: krauni ilikuwa na fahari zaidi, peni tatu za fedha zilikuwa nyepesi kwa bangili. Nzuri kuliko zote kwa macho yangu ni florini ya Edward VII, 1902 hadi 1910, yenye Britannia, mwanamke anayewakilisha Uingereza, amesimama, shela ikipeperushwa na upepo. Tazama ngao yake na kifua, ndivyo vinavyolika kwanza. Nusu-krauni ya 1905 iache mpaka uwe mzoefu. Ni adimu, na za bandia zimejaa.

Ya pili ni sovereni, yaani pauni ya dhahabu, lakini kwa sharti moja: iwe ndani ya kasha la NGC, kampuni ya Marekani inayothibitisha sarafu na kupima hali yake. Naegemea NGC wala sifichi. Kampuni ya PCGS nayo ni hodari, ila NGC wana kasha linaloshika sarafu kwa vijino vidogo na kuacha ubavu ukionekana, na mimi ubavu ndio ninaoutaka. Lebo ikiwa na neno "Details", sarafu ina kasoro, na kasoro yenyewe huandikwa hapo hapo. Ingiza namba ya lebo kwenye tovuti yao kabla ya kulipa. Makasha nayo hughushiwa. Kwa sovereni isiyo na kasha, uzito kamili ni gramu 7.99, dhahabu safi 7.32, upana milimita 22.05. Sheria ya 1870 iliweka 7.94 kuwa kiwango cha chini cha kukubalika kama pesa halali, na hata leo chini ya hapo ni pa kujiuliza. Iliyokaa kwenye pete utaijua: ukingo umelainika pande zote mbili wakati nywele za mtawala bado ni kali. Anayetaka dhahabu tu aichukue, kwa bei ya dhahabu. Asilipe hata shilingi moja ya ziada kwa ajili ya "historia".

Ya tatu ni krauni, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapolia. Ni kubwa, milimita 38.6, ni nzuri, na mara nyingi iligeuzwa mapambo. Ukiitaka, acha zile za Jubilei za 1887 hadi 1892 zenye meno, chukua za 1893 hadi 1900. Hizo zina maandishi ubavuni: DECUS ET TUTAMEN ANNO REGNI, kisha mwaka wa utawala kwa namba za Kirumi. Yasome yote, herufi kwa herufi. Sonara akichomelea kitanzi, herufi moja au mbili hufa, na kuzichonga upya si kazi ya kila fundi. Nimekwisha kuona TUTAMEN isiyo na M katika tangazo lililosema "hali bora kabisa".

Nne, peni nzito ya 1797 aliyoitengeneza Matthew Boulton kwa mashine za mvuke huko Soho, Birmingham. Ni shaba, wakia moja nzima. Ya peni mbili ni wakia mbili, gramu 56.7. Ubavu wake ni laini, hauna meno ya kukusaidia, na kwa uzito ule karibu kila moja imegongwa ukingoni. Nunua kwa mapenzi.

Peni za kawaida za 1860 na kuendelea ni rahisi, za kujifunzia. Tafuta H au KN kushoto mwa mwaka kwenye za 1918 na 1919: ni viwanda vya Heaton na Kings Norton. Herufi hizo hizo zipo kwenye ndururu za East Africa za 1936 zenye jina la Edward VIII, mfalme ambaye kwao sarafu zake hazikuwahi kutolewa zitumike. Tundu la ndururu hizo ni la kiwandani, si la sonara.

Sikispensi (peni sita) ya 1887 yenye ngao mgongoni ichunguzwe mara mbili. Ilifanana mno na nusu-sovereni, matapeli wakaipaka dhahabu, ikaondolewa mwaka ule ule. Nusu-sovereni ni gramu 3.99, sikispensi 2.83. Mizani inamaliza ubishi.

Wauzaji wa mtandaoni ndio wanaochosha. Picha kumi: uso, mgongo, uso kwenye kitambaa chekundu, uso kando ya ua. Ubavu hakuna. Maelezo yanasema "mimi si mtaalamu, tazama picha", lakini bei ni ya mtaalamu. Fedha ikipanda, sarafu iliyoharibika inapanda nayo, kisha juu yake inawekwa ada ya uzee. Andika hivi kabla ya kulipa: "Naomba video ya sekunde 15 ya ubavu ukizunguka, na picha ya sarafu juu ya mizani." Mwenye sarafu safi huituma siku hiyo hiyo. Akikujibu kwamba iko kwenye kifuko na hapendi kuitoa, mwache nayo.