Biblia Habari Njema yenye Deuterokanoni: maoni ya fundi cherehani aliyekuwa ameacha kusoma

Nianze na mambo ya dukani, maana ndiyo huwa mnauliza kwanza. Ninayoizungumzia ni Biblia Habari Njema, tafsiri ya Kiswahili cha kawaida ya Vyama vya Biblia vya Tanzania na Kenya, toleo lenye vitabu vya Deuterokanoni, yaani vile vilivyomo katika Biblia za Wakatoliki lakini kwa kawaida havimo katika zetu Waprotestanti. Yangu ina jalada gumu na utepe wa kuwekea alama. Nilitoa noti tatu za elfu kumi, nikarudishiwa chenji ya kutosha daladala. Kijana aliyekuwa anauza aliitazama kanga yangu ya umoja wa wanawake wa KKKT, kanisa letu la Kilutheri, akaona anitahadharishe: "Mama, hiyo ina vile vitabu vya Wakatoliki." Nikamwambia anifungie hiyo hiyo, herufi zake zimenipendeza.

Mimi nashona nguo hapa Morogoro. Nilipokuwa sekondari nilikuwa msomaji wa kupindukia. Riwaya za upelelezi tulikuwa tunapokezana bwenini hadi kurasa za mwisho zinakatika, ikabidi tubishane wenyewe kwa wenyewe nani alikuwa muuaji. Baadaye ndoa, watoto, oda za sare za shule, na kusoma kukaishia kwenye simu. Kila asubuhi kundi la kanisa linatuma aya ya siku, imewekewa picha ya maua, watu wanajibu "Amina" na mikono ya kuomba. Aya moja moja, kama vidonge. Sisemi ni vibaya, zimenisaidia wakati wa msiba. Lakini hakuna anayeuliza kabla ya hapo kulitokea nini, na baada ya hapo je.

Tena visa vyenyewe ninavijua tangu Shule ya Jumapili. Najua Yusufu atatoka shimoni. Najua Goliathi ataanguka. Ninaviamini, ila ilikuwa miaka mingi sijavisoma kwa hamu ya kutaka kujua mwisho wake, na bila hamu hiyo mtu husoma mistari mitatu akasinzia.

Tobiti, kimojawapo cha vitabu hivyo vya Deuterokanoni, nilikifungua kwa sababu moja tu: sikujua kinaishaje.

Basi, Tobiti ni mzee wa kabila la Naftali aliyepelekwa utumwani Ninawi. Ni mtu wa kutoa sadaka, na hata kwa kujificha huzika maiti za Waisraeli wenzake zilizotupwa. Usiku mmoja analala uani kando ya ukuta, shomoro walio juu yake wanamnyea machoni, anapofuka. Mavi ya shomoro! Waganga wanajaribu, wanashindwa. Hapo nikakaa vizuri kwenye kiti.

Kisha inakuja sehemu ambayo ningependa kumsomea kila mwanamke mwenye cherehani. Mkewe, Anna, anaanza kufuma kwa ujira ili nyumba ipate kula. Siku moja wenye kazi wanamlipa, na juu ya malipo wanamwongezea mwanambuzi. Mbuzi analia uani. Mzee haoni, anauliza huyo katoka wapi. Anaambiwa ni zawadi, haamini. Anashikilia kuwa ni wa wizi, arudishwe kwa wenyewe. Anna naye hamkawizi, anamuuliza ziko wapi sasa hizo sadaka zake na hayo matendo yake mema. Ugomvi huo naujua. Nimeusikia kwa wateja wangu wakiwa wamesimama napima kiuno: mume hana kazi, mke anaingiza pesa, na kila shilingi inaulizwa imetoka wapi. Kanisani sijawahi kusikia mahubiri juu ya mbuzi yule.

Baada ya hapo sikuweza kukiweka chini. Tobiti anaomba afe. Siku hiyo hiyo, mbali kabisa, huko Media, binti aitwaye Sara naye anaomba afe, kwa kuwa ameolewa na wanaume saba na wote wameuawa na pepo usiku wa harusi, na sasa vijakazi wanamsema. Mwandishi anazipandisha sala mbili kwa pamoja, na wewe msomaji unajua watu hawa watakutana, ila hujui kwa njia gani. Tobia, mtoto wa mzee, anatumwa safari kufuata fedha za baba yake. Anasindikizwa na kijana asiyemjua kuwa ni malaika, na mbwa wao anawafuata nyuma. Mbwa huyo hafanyi lolote katika kisa chote. Anafuata tu, na wakati wa kurudi yumo. Samaki anatokea mtoni, nyongo yake inawekwa akiba. Nikasema moyoni, hapa kuna mtu anayejua kuandika.

Halafu usiku wa harusi. Tobia kaingia chumbani na Sara. Ragueli, baba mkwe, mtu aliyekwisha kuzika wakwe saba, anaamka usiku na watumishi wake wanachimba kaburi, ili huyu wa nane akifa azikwe mapema, watu wasije wakawacheka. Kijakazi anatumwa na taa akachungulie. Anakuta bwana na bibi harusi wamelala usingizi wao. Ragueli anaagiza kaburi lifukiwe upesi kabla hapajakucha. Nilicheka kwa sauti hadi mume wangu akauliza nasoma nini. Nikamwambia Biblia. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Biblia gani?"

Jirani yangu Mkatoliki nilipomhadithia alishangaa upande mwingine: "Kumbe ninyi hamna Tobiti? Somo la ndoa yangu lilitoka humo." Ni kweli, sala ya Tobia na Sara imo katika masomo ambayo Wakatoliki huweza kuyachagua kwa ajili ya misa ya ndoa.

Kwa Walutheri wenzangu mlioanza kukunja uso: Biblia ya Martin Luther mwenyewe ya mwaka 1534 ilikuwa na vitabu hivi. Aliviweka katikati ya Maagano mawili, akasema havilingani na Maandiko Matakatifu lakini ni vizuri na vyafaa kusomwa. Mimi nimevisoma hivyo hivyo alivyosema. Sijajenga fundisho lolote juu ya nyongo ya samaki.

Na kwa waliokulia kwenye riwaya za upelelezi kama mimi, msiishie hapo. Katika kisa cha Susana, nacho kimo humo humo, Danieli anawatenga wazee wawili waliomshtaki Susana kwa uzinzi, anamuuliza kila mmoja peke yake aliwaona wazinzi hao chini ya mti gani, na kila mmoja anataja mti wake. Katika kisa cha Beli, mungu wa Wababeli, mfalme anaamini sanamu yake inakula unga, kondoo na divai kila usiku. Danieli ananyunyiza majivu sakafuni, mlango unafungwa kwa muhuri, asubuhi nyayo za makuhani pamoja na wake na watoto wao zimejaa kote, zinaelekea mlango wa siri chini ya meza. Nilikuwa naupenda mchezo huu tangu bwenini, kumbe ulikuwa kwenye kitabu cha kanisani muda wote, ila si kwenye kitabu cha kanisa langu.

Lugha yake? Nyumbani tunayo Union, ile tafsiri ya zamani ya 1952 iliyounganisha Kiswahili cha Mombasa na cha Unguja, na siiachi. Zaburi ya 23 nitaisema kwa Union hadi siku yangu ya mwisho, ina mwendo ambao mdomo umeuzoea. Kwa mashairi, Ayubu na Isaya hasa, Habari Njema naiona inaeleza sana pale ambapo ingeimba. Lakini kwa hadithi ndefu haina mpinzani. Waamuzi, Ruthu, vitabu vya Samueli, unasoma sura nne tano bila kusimama kutafuta maana. Baada ya Deuterokanoni nilirudi kwenye Daudi na Absalomu nikasoma kama mtu mgeni, na zamu hii Yoabu, jemadari wa Daudi, nilimchukia kuliko zamani.

Kasoro zipo, na nyingi ni za Biblia karibu zote. Karatasi ni nyembamba, maandishi ya upande wa pili yanajitokeza. Umeme ukikatika ukasomea tochi ya simu, iweke ubavuni, ukiielekeza kutoka nyuma utasoma kurasa mbili kwa pamoja. Ni nzito, kitandani inachosha mkono. Na kinachoniudhi kuliko vyote ni vile vichwa vidogo vya habari. Mtu umebana pumzi kutaka kujua kama bwana harusi ataona asubuhi, jicho linashuka kwenye maandishi meusi yaliyokoza hapo chini, utamu wote umekwisha. Nimekata kipande cha karatasi ya patani, ninafunikia.

Kusoma kumenirudia kweli, si Biblia peke yake. Nimejiandikisha maktaba ya mkoa. Ninazitafuta zile tenzi za Mwalimu Nyerere, aliyezigeuza Injili zote nne na Matendo ya Mitume kuwa ushairi, maana nataka kuzisikia zikisomwa kwa sauti. Mume wangu analalamika kuwa meza ya kukatia vitambaa imejaa vitabu. Nilimwonyesha mahali Paulo, akiwa kifungoni, anamwagiza Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, pamoja na vile vitabu. Akasema Paulo hakuwa na oda za sare za kumaliza kabla shule hazijafunguliwa. Sikuwa na jibu.

Ukienda kununua, usiseme tu "Habari Njema", maana ipo isiyo na Deuterokanoni na kwa nje zinafanana. Ifungue orodha ya vitabu, umtafute Tobiti na Yudithi kabla hujalipa. Macho yakishaanza kuchoka, ulizia ya herufi kubwa. Na kwa anayetaka aya ya kukariri au kusoma madhabahuni, chukueni Union. Hii ni ya kukaa nayo sebuleni jioni, sufuria iko jikoni na simu iko chumba kingine.