Nililipia siagi, nikapewa maji

Wiki kadhaa zimepita na bado nikiliona lile kopo kwenye friji roho inanichafuka. Niliingia duka kubwa moja hapa Dar kutafuta siagi ya keki ya mama, alikuwa anatimiza miaka 70. Nikamwambia kijana wa kwenye rafu waziwazi: nataka siagi ya maziwa. Akanishikisha kopo la nusu kilo, akasema ndiyo hii, tena ina nafuu. Nikamwamini.

Keki ilitoka imezama katikati, chini mbichi, nzito kama ugali uliolala. Mayai, unga, gesi, vyote vimekwenda bure, na wageni wako njiani. Ndipo nikasoma maandishi madogo ubavuni mwa kopo: mafuta asilimia 50. Haya, piga hesabu. Kwenye gramu 500 mafuta ni 250 tu, kinachobaki karibu chote ni maji! Siagi halisi haipungui asilimia 80, na hata majarini yenyewe, ile inayoiga siagi kwa mafuta ya mimea, inatakiwa ifike hapo. Yaani kipande cha siagi cha gramu 250 kina mafuta gramu 200. Sasa nafuu iko wapi?

Nikarudi na kopo na risiti. "Kaka, hii si siagi," nilisema kwa upole kabisa. Hata macho hakuyatoa kwenye simu. "Mama, siagi ni siagi. Kama unataka ya ng'ombe, nenda kakamue." Mbele ya foleni nzima ya watu! Meneja naye akaja na lake: kopo likishafunguliwa halirudishwi. Keki ningeiokaje bila kulifungua?

Nikaapa majarini, hata hiyo nyepesi ya kwenye kopo, haiingii tena kwangu. Nikawatangazia majirani kwamba ni sumu. Hapo nilivuka mpaka, maana mama ana lehemu (kolesteroli) nyingi kwenye damu, na daktari alichomkataza ni mafuta yanayoganda. Siagi niliyokuwa naitetea kwa nguvu zote, nusu yake ndiyo hayo hayo. Majarini mbaya kweli ni ile iliyogandishwa kwa haidrojeni na kubaki na mafuta ya transi, yanayopandisha lehemu mbaya na kushusha nzuri. Shirika la Afya Duniani lilitaka tangu 2018 mafuta hayo yatoke kwenye vyakula vya viwandani ifikapo 2023. Nyingine zinagandishwa kwa mawese, na mawese nayo karibu nusu yake ni ya kuganda. Kwa hiyo geuza kopo usome. Ukikuta neno haidrojeni kwenye orodha ya viambato, lirudishe kwenye rafu.

Na inaniuma kulisema hili: kopo lile lile lililoniharibia keki, kwa mkate wa mama asubuhi si baya. Mafuta nusu, alizeti ndiyo ya kwanza kwenye orodha, haidrojeni hakuna. Anapaka kijiko kidogo cha chai na anaridhika. Mimi kwenye keki sigusi.

Kopo nimelisamehe. Duka, hapana. Angeniambia tu "hii ni ya kupaka, si ya kuokea," maneno saba, ningemshukuru na kununua vyote viwili. Siku hizi siagi ya keki nainunua kwa mama mmoja muuza maziwa mtaani kwetu. Anaipima mbele yangu, na nikimuuliza swali ananijibu.