Padi ya wayalesi kwa kompyuta: ipi ununue Dar, na namna ya kuipima kabla hujatoa hela

Ukiondoa taa za rangi na sanduku zuri, padi ya wayalesi ya kuchezea gemu kwenye kompyuta inapimwa kwa mambo matatu: kilichomo chini ya analogi (vile vijiti viwili vya kusukuma kwa vidole gumba), njia inayopitisha mawimbi yake, na jinsi Windows inavyoitambua. Muuzaji wa Mtaa wa Aggrey atakuanzia na taa, mtetemo na "hii inaingia mpaka kwenye simu, kaka". Wewe muulize hayo matatu. Akijibu mawili sawasawa, umepata duka.

Analogi kwanza

Analogi za kawaida, zikiwemo za padi nyingi za bei kubwa, zinatumia potenshiometa: ulimi mdogo wa chuma unasugua njia ya kaboni kila unaposogeza kidole. Kaboni inalika, vumbi lake linabaki mle mle, na siku moja mchezaji wako anaanza kutembea kuelekea kibendera cha kona bila kuguswa. Hapo ndipo watu husema padi inavuta. Fundi anaweza kubadilisha analogi, ila kipande kimoja kina miguu kama 14 iliyolehemiwa kwenye bodi. Fundi asiye na kifaa kizuri cha kunyonya risasi ya kulehemia ataing'oa pamoja na njia za shaba. Kwa padi ya bei ndogo kazi hiyo mara nyingi hailipi.

Sensa za Hall zinaondoa msuguano huo: sumaku inasogea karibu na sensa, hakuna kinachogusana. TMR nayo inatumia sumaku, ila inahisi zaidi na inakula umeme mdogo, ndiyo maana imeingia kwenye padi mpya za wayalesi. Kwa mtu wa gemu za mpira kama eFootball au FC, tofauti ya Hall na TMR si ya kulipia. Tofauti ya kweli ni kati ya hizo mbili na potenshiometa, na utaiona padi ikishazeeka. Hall nayo ina maradhi yake: springi huchoka na kitovu kinaweza kuhama kidogo, lakini hilo hurekebishwa kwa kalibresheni, yaani kuifundisha padi upya katikati yake ni wapi, bila bisibisi.

Shida ni kwamba neno "Hall" linachapwa kirahisi kwenye sanduku. Ipo namna ya kuhakiki. Chukua sumaku ndogo, hata ile ya kifuniko cha simu, isogeze karibu na shina la analogi huku unatazama namba kwenye skrini. Analogi ya sumaku itayumba bila kuguswa. Ya potenshiometa haitatikisika. Sumaku dhaifu sana inaweza isitoshe, kwa hiyo jaribu pande zote kabla ya kuhukumu. Kwa sababu hiyohiyo usiweke padi hizi juu ya spika, halafu ukaenda kumlaumu aliyekuuzia.

Mawimbi

Chagua padi inayokuja na kipokezi chake cha USB cha 2.4 GHz. Bluetooth iwe nyongeza. Laptopu nyingi za mtumba tunazonunua zina Bluetooth ya zamani, na kompyuta nyingi za mezani hazina kabisa. Hata ikiwepo, padi kwa Bluetooth kwa kawaida huchelewa kuliko ikipita kwenye kipokezi, na kuchelewa huko utakuona kwenye penalti na kwenye gemu za mapigano.

Kipokezi nacho kina adui ambaye wengi hawamjui. Tundu la USB 3, ambalo mara nyingi huwa na rangi ya bluu ndani, hutoa kelele za redio kwenye masafa yaleyale ya 2.4 GHz, hasa ukiwa umechomeka diski ya nje au flashi inayonakili mafaili pembeni yake. Padi inakatakata, mwenye nayo anasema feki. Hamishia kipokezi kwenye tundu la USB 2, au tumia waya wa kurefusha wa USB wa mita moja ukitoe mbali na mashine. Mkicheza wawili, vipokezi viwili visikae ubavu kwa ubavu: kimoja kushoto, kingine kulia. Na viwekee alama ya rangi, kwani kipokezi cha padi moja kwa kawaida hakishiki padi nyingine, na ukikipoteza umebaki na padi ya waya.

Windows inaionaje

Gemu za kompyuta za miaka hii hutegemea mfumo wa XInput, uliokuja na padi ya Xbox 360. Padi za zamani na kopi nyingi huongea kwa DirectInput: Windows inaziona, gemu haizitaki. Gemu za mpira za PES za zamani zinavumilia kwa sababu zina faili la Settings ambamo unapanga kitufe kimoja kimoja. Gemu ya Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, itasaidiwa na Steam yenyewe. Gemu uliyopewa kwenye flashi haina msaada huo, na ndipo unapoanza kusaka programu za kuidanganya Windows. Nunua ya XInput uondokane na habari hizo.

Mpangilio wetu

*1. 8BitDo Ultimate 2C Wireless.* Kwa watu wengi, utafutaji uishie hapa. Ina Hall kwenye analogi na kwenye triga (vitufe vya kubana kwa vidole vya shahada), kipokezi kinachosoma mara 1000 kwa sekunde, na vitufe viwili vya ziada juu, L4 na R4, unavyovipangia kazi kwenye padi yenyewe bila programu. Betri ni ya 480 mAh. Kiwanda kinasema saa 19. Ilitoka 2024 kwa takriban dola 30 za Marekani. Mishale yake ni mizuri, jambo ambalo padi za bei hii hukosea. Haina Bluetooth, basi anayetaka ya simu pia ashuke hadi ile ya pili.

Soma jina lote kwenye sanduku. Ultimate C bila "2" ni ya mwaka uliotangulia na analogi zake ni za potenshiometa. Ultimate 2C Bluetooth ni ya Nintendo Switch. Ultimate 2C Wired ni ya waya. Zote zinafanana kwa sura, na muuzaji asiyejua atakupa yoyote iliyo karibu na mkono.

*2. GameSir Nova Lite.* Takriban dola 25 kwao. Hall kwenye analogi, na njia tatu: kipokezi, Bluetooth, waya. Ni chaguo la mwenye laptopu mchana na simu usiku. Ikiwashwa katika hali isiyo ya kompyuta, vitufe vitaonekana vimevurugika. Karatasi iliyomo ndani inaonyesha vitufe vya kubana ili kurudi XInput. Usiitupe karatasi hiyo.

*3. GameSir Cyclone 2.* Takriban dola 50. TMR, mara 1000 kwa sekunde, vitufe viwili vya nyuma, na swichi za kufupisha triga: fupi kwa gemu za bunduki, ndefu kwa magari. Vitufe vyake vinabofyeka kama vya mausi na vina mlio. Wengine wanaupenda, anayelala chumba kimoja na wewe hataupenda.

*4. 8BitDo Ultimate 2 Wireless.* Takriban dola 60. TMR, Bluetooth, vitufe vya nyuma na kitako cha kuchajia ambacho kipokezi hukaa ndani yake. Ni nzuri kuliko ya kwanza, sikatai, ila si nzuri mara mbili.

*5. Flydigi Vader 4 Pro.* Takriban dola 80. Ugumu wa analogi unaurekebisha kwa kuzungusha pete. Ni ya mtu wa gemu za bunduki anayejua kwa nini anataka vitufe vinne nyuma. Wa mpira apite.

*6. Logitech F710.* Ya zamani, potenshiometa, betri mbili za AA. Ina swichi ya X na D: ikiwa haisomi, sukuma iende X. Inunue tu ukiikuta mpya kwa bei ndogo sana.

*Iache:* kopi ya padi ya PS4 kwa ajili ya kompyuta. Kwa wayalesi inategemea Bluetooth, nje ya Steam inahitaji programu ya kuigeuza, na analogi ni zilezile zinazovuta. Kama una PS4 nyumbani, jua pia kwamba hizi sita hazikutengenezwa kwa PS4 wala PS5. Usinunue moja ukitegemea kazi mbili.

Dukani

Maduka mengi hayana kompyuta ya kujaribia. Nenda na laptopu, au simu ya Android na kiunganishi cha OTG, kile cha kuchomekea USB kwenye simu. Usikubali kujaribiwa kwa waya peke yake: umekuja kununua wayalesi.

Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, kisha fungua Properties. Jina likionekana kama la padi ya Xbox 360, uko kwenye XInput. Sukuma analogi mpaka mwisho na uiachie ghafla, pande zote nne, mara kadhaa. Alama irudi katikati kila mara. Bonyeza L3 na R3 kwa kuzamisha analogi, kwa sababu hapo watu husahau. Kisha triga, polepole: mstari unapaswa kusogea taratibu. Ukiruka kutoka sifuri hadi mwisho, triga ni ya swichi. Kwa mpira haidhuru, kwa magari ni hasara. Na usishtuke ukibana triga zote mbili zikafutana: ukurasa huo huzichora kwenye mstari mmoja, padi ni nzima.

Kwa simu, fungua tovuti yoyote ya kupimia padi kwenye kivinjari. Analogi ikiwa imeachiwa, namba ziwe karibu na sifuri, 0.05 inavumilika, 0.15 kwenye padi mpya rudisha. Malizia kwa kusogea mita tatu huku mikono imefunika padi, uone kama inakata.

Omba risiti ya EFD na muda wa kurudisha uandikwe nyuma yake. "Ukipata tatizo uje tu, ndugu yangu" si dhamana.

Bei na kuagiza

Bei tulizotaja ni za kiwandani wakati padi zilipotoka. Ya Dar hubeba usafiri, ushuru, VAT ya asilimia 18 na faida ya duka. Ukiuziwa chini sana ya bei ya kiwandani, rudia kipimo cha sumaku. Ukiagiza China kupitia wakala, mwambie mapema kwamba mzigo una betri ya lithiamu, maana mizigo ya betri kwa ndege mara nyingi hupangiwa bei na ratiba yake. Ukinyamaza, mzigo unaweza kukaa ghala la Guangzhou wakati wewe unahesabu siku.

Kwa hali ya hewa ya pwani, kimbia padi iliyopakwa rangi laini ya mpira. Joto, unyevu na jasho huifanya inate kama gundi hata ikiwa kabatini. Plastiki yenye vinundu vidogo hudumu zaidi na hufutika kwa kitambaa chenye spiriti kidogo.

Padi mpya ikigoma kuchaji, kabla hujapanda daladala kuirudisha, angalia waya. Baadhi ya padi za bei ndogo hazina vizuizi vidogo vya umeme (resista) kwenye tundu la USB-C ambavyo chaja huvitafuta kabla ya kutoa umeme, hivyo waya wa C kwenda C hauzichaji. Tumia waya wa USB ya kawaida kwenda C, kutoka kwenye kompyuta au chaja ya kawaida ya volti 5.