Santuri au kaseti: ukusanye zipi?
Wakusanyaji wa dansi na taarabu za zamani hawaishi kubishana hapa. Kwa bei, kaseti inashinda bila jasho. Mwenye santuri safi yenye jalada lake siku hizi anajua anachouza. Tena sindano ya gramafoni huisha, na kuipata nyingine si kazi ndogo.

Kwa uimara naipa santuri, maana hata yenye mikwaruzo bado huimba. Ila ukiiacha juani itajikunja kama chapati. Zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika, za enzi za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar aliyerekodi Bombay mwaka 1928, zikidondoka ni vipande. Adui wa kaseti ni unyevu wa pwani: utaona ukungu mweupe ukingoni mwa utepe. Redio ikiumeza utepe, chomeka kalamu ya Bic kwenye tundu lenye meno, uzungushe taratibu.

Lakini nyimbo nyingi zilizorekodiwa Radio Tanzania hazikuwahi kutoka kwa santuri. Unayewinda hizo, anza na kaseti. Anayependa matoleo ya Nairobi ya inchi 7, na lebo zake za rangi, atafute santuri.