Bakteria na wanga wa mwani: kukata nje au kuvuta ndani?

Dodoma hatuna bahari, na mwani unaolimwa Zanzibar tangu 1989 hutufikia mkavu kama unafika. Hata hivyo, mwanafunzi wa biolojia wa hapa anastahili kujua nani anaumeng'enya. Wanga wa mwani, mfano karajinani na alginati, ni minyororo mirefu ya sukari isiyoweza kupenya utando wa bakteria. Zipo njia mbili.

Kwanza, bakteria humwaga majini vimeng'enya, yaani protini za kukatia chakula, vikate mnyororo mpaka uwe sukari ndogo, kisha azifyonze. Baadhi ya bakteria wa jenasi Vibrio hufanya hivyo. Ni sawa na kutwanga uwele uani: kuku wa jirani nao watadonoa. Sukari husambaa, na bakteria wasiotengeneza kimeng'enya chochote hushiba.

Ya pili ndiyo inayonistaajabisha. Bakteria wengi wa kundi la Bacteroidota hukata mnyororo juu ya uso wa seli, vipande vikubwa vikubwa. Protini iitwayo SusD huvishika, na SusC, mlango wa utando wa nje, huviingiza. Umeng'enyaji unaendelea kati ya tando mbili za seli, na kinachovuja ni kidogo mno. Gharama yake? Kila aina ya wanga inadai mtambo wake wa protini.

Chakula kikiwa tele, ya kwanza inalipa. Washindani wakiwa wengi, naichagua ya pili bila kusita. Imefika hata tumboni mwa binadamu: mwaka 2010 watafiti walionyesha kuwa bakteria Bacteroides plebeius wa baadhi ya Wajapani alipata jeni za kumeng'enya mwani kutoka kwa bakteria wa baharini.