Uzoefu wangu na trima ya kuchongea ndevu nyumbani: imenifaa, ila siyo kwa walichoandika kwenye boksi

Nianze na jibu maana najua kuna watu hawafiki chini: hii trima inafaa na nitaendelea nayo, ila siyo kwa ile sababu waliyoipigia debe kwenye boksi. Boksini wamejisifu inakata mpaka ziro, yani ukipitisha mkono hukuti kitu. Wapi! Ukipitisha mkono unakuta kidevu kinakwaruza kama msasa, na mimi hapo ndipo nilipoipendea.

Ngoja nieleze maana mtu mwenye ndevu za kunyooka anaweza akaona nachanganya mambo. Ndevu zangu ni zile ngumu za kujikunja, zimejaa kidevuni na chini ya taya, mashavuni zimekaa kwa mafungu mafungu. Ndevu za hivi ukizinyoa kwa wembe, hasa hizi nyembe za makali matatu manne yaliyopangana, makali ya kwanza yanauvuta unywele juu kidogo na yanayofuata yanaukata, ukiachiwa unarudi chini na ncha yake inajificha ndani ya ngozi. Na ncha hiyo imebaki imechongoka. Sasa ikianza kuota tena, kwa vile ni unywele wa kujipinda, ama inatoboa pembeni humohumo ndani kabla ya kutokeza, ama inatoka nje vizuri halafu inainama inarudi kuchoma ngozi ya jirani. Mwili unaichukulia kama kitu kigeni kilichoingia, panavimba, panawasha, ukijikuna ndio umeharibu, mwisho unabaki na vipele na madoa meusi shingoni hata ungepaka nini. Nimeishi na hivyo vipele muda mrefu na kila mtu alikuwa na dawa yake ya kunishauri, mara paka hiki mara paka kile, wakati tatizo halikuwa la kupaka, lilikuwa la kukata karibu mno.

Madaktari wa ngozi wanachoshauri kwa watu wa aina yangu ni kitu kidogo tu: ziache ziote, na kama ni lazima upunguze basi tumia mashine inayobakiza kama nusu milimita mpaka milimita 1, usivute ngozi wakati unakata, usirudierudie palepale. Trima yangu bila kichana (kile cha kupachika mbele ya meno) inabakiza takriban nusu milimita. Kwa hiyo kile ambacho mwingine atakiandika kama kasoro, kwangu ndio kazi yenyewe niliyoinunulia. Shingo imetulia. Haikutulia siku ileile, vile vipele vya zamani vilichukua wiki kadhaa kuisha kwa sababu nywele zilizojifukia lazima zipate muda wa kuchomoka, ila vipya havikuongezeka na hilo nililiona mapema.

Haya, mashine yenyewe. Ni ya kushika mkononi, ya betri, meno yake ni mapana yametokeza pembeni kama herufi T kwa hiyo ukiigeuza unaona kabisa kona ya jino inagusa wapi. Hilo ni jambo kubwa kwa mtu anayejichonga mwenyewe. Zile ambazo meno yamejificha ndani ya plastiki unakata kwa kubahatisha, unapeleka mkono halafu unatoa unaangalia kimetokea nini. Imekuja na kichana kimoja cha plastiki cha kupachika mbele, kinapanda na kushuka kwa kuzungusha kigurudumu kuanzia milimita 1 mpaka 10, kwa hatua za nusu nusu. Kwa mliozoea kumwambia kinyozi nipige namba moja au namba mbili, namba 1 kwa kawaida ni kama milimita 3, namba 2 ni 6, namba 3 ni kama 10, kwa hiyo ukisoma maelezo ya mashine yoyote piga hesabu hiyo usije ukachukua inayoishia milimita 5 wakati ndevu zako unazipenda za namba 2.

Hizo hatua za nusu milimita nilidhani ni mbwembwe za biashara, kumbe ndevu siyo kichwa. Kichwani nusu milimita hakuna atakayeiona, lakini shavuni karibu na sikio tofauti ya 2 na 2.5 inaonekana kabisa, pale ndipo ndevu zinapoungana na nywele za kichwani na zikiwa zimezidi unaonekana umevaa kofia ya ndevu. Mimi kidevuni naweka 5, mashavuni 4, nikifika kwenye sharafa nashuka 3 na karibu na nywele 2. Siyo feidi ya kinyozi, tusidanganyane, ila ukisogea hatua mbili nyuma inakubalika.

Sasa kero. Kile kigurudumu cha kichana kimewekwa palepale dole gumba linapokaa. Nani alikaa akafikiria hilo sijui. Unaanza umeweka 5, unapanda na taya, unageuza mkono kufuata kona, dole linasukuma kigurudumu kidogo tu, klik, umeshuka kwenye 4.5 na hata hujasikia kwa sababu ya mlio wa mota. Na ndevu ikishakatwa haina kurudisha. Dawa yake ni kuishika chini kabisa kwa vidole kama unavyoshika kalamu, siyo kwa kiganja, na kukitupia jicho kigurudumu kila unapohama sehemu. Halafu kichana chenyewe ni plastiki laini, ukikandamiza kidevuni kinapinda kinasogea karibu na meno na unapata kifupi kuliko ulichoweka. Kwa hiyo usikandamize, acha kiteleze juu ya ngozi kwa uzito wake.

Jinsi ninavyoitumia, kwa sababu mashine ileile mtu mwingine atailaumu bure. Ndevu naziosha, nazikausha kabisa kabisa, kisha nazichana kuelekea zinakoota. Zikiwa na maji zinalala na zinaonekana ndefu kuliko zilivyo, unakata halafu zikikauka zinajikunja zinapanda juu, unajikuta na kidevu kitupu. Naanza na kichana kirefu kuliko ninachotaka, napita uso mzima, ndio nashusha. Ukipita kwa kufuata uelekeo wa nywele zinabaki ndefu kidogo, ukipita kinyume zinakuwa fupi kwa namba ileile, kwa hiyo chagua moja uendelee nayo pande zote mbili, ukichanganya utakuta shavu moja jeusi jingine limepauka halafu unaanza kulaumu meno ya mashine.

Shingoni nitakaa kidogo kwa sababu hapo ndipo watu wanapoharibu. Mstari wa chini wa ndevu haufuati mfupa wa taya. Ukiupandisha mpaka kwenye taya, ukiwa umenyanyua uso kwenye kioo unaona safi sana, ukishusha uso ukiongea na mtu linatokea eneo tupu chini ya kidevu na uso unaonekana umeongezeka nyama. Weka vidole viwili vimelala juu ya kile kifundo cha koo kinachopanda na kushuka ukimeza mate, pale juu ya vidole ndio katikati ya mstari wako. Kutoka hapo unachora kama upinde kupanda kila upande mpaka nyuma ya kona ya taya, chini ya sikio. Natoa kichana, naigeuza trima meno yananiangalia mimi, nagusisha meno kwenye ngozi pale katikati na kuvuta chini kidogo, nanyanyua, nasogea upande, nagusisha tena. Vipande vifupi vifupi. Siburuzi mstari mzima kwa mkupuo mmoja hata siku moja. Kichwa kiwe sawa unaangalia mbele, usinyanyue kidevu juu mpaka ngozi ivutike, maana ngozi ikirudi mstari nao unahama. Kilichobaki chini ya mstari nakisafisha kwa kufuata nywele zinakolala, na shingoni hazilali upande mmoja, kwangu kushoto zinapanda juu na kulia zinakwenda pembeni, ukitaka kujua za kwako pitisha kidole, upande unaoteleza ndiko zinakoelekea.

Mashavuni mimi sigusi sana. Naondoa zile zilizopotea njia juu ya mstari basi. Kila ukisema nisawazishe kidogo kulia, nisawazishe kushoto, mstari unashuka, na mafungu mafungu yangu hayana nafasi ya kushuka popote. Masharubu nazichana zishuke chini, nafunga mdomo bila kuubana, nakata kwa kona ya meno zile zinazovuka ukingo wa mdomo, naanzia katikati naenda pembeni.

Na kioo jamani. Mwanga utoke mbele ya uso, siyo juu ya kichwa. Taa ikiwa juu kidevu kinatupa kivuli shingoni na wewe unakata kivuli ukidhani ni ndevu. Kioo kidogo cha pili cha kushika mkononi kinasaidia kuona kona ya taya.

Betri sina ugomvi nayo, ni lithiamu, unaichaji kwa waya uleule wa simu na huhitaji kusubiri iishe kabisa ndio uchaji kama tulivyokuwa tunaambiwa zamani kwa zile betri nyingine. Ninachokipenda ni kwamba haizimiki ghafla, mlio unabadilika kwanza unakuwa mzito, ukiusikia huo usilazimishe, chomeka waya, maana mota ikichoka meno hayakati tena yanang'oa, na kung'olewa sharubu katikati ya kazi machozi yanatoka yenyewe.

Usafi ni wa lazima. Vumbi la ndevu linajipenyeza chini ya meno likichanganyika na mafuta ya ngozi linagandamana, mashine inapata moto, na meno ya moto yakigusa shingo iliyotoka kukatwa utajua hujui. Kila nikimaliza natoa kichana, nakung'uta, napiga mswaki kwa kile kibrashi chake, mara mojamoja nadondoshea tone moja mbili za oili ya mashine kwenye meno na kuiwasha isambae kidogo, halafu nafuta iliyozidi. Kuosha kwa maji angalia kwanza maelezo, ikiwa imeandikwa IPX7 inahimili kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30, yangu haina maandishi hayo kwa hiyo bombani haiendi. Na siazimishi mtu, hata ndugu wa tumbo moja. Meno yanachubua bila wewe kuona, fangasi na vijidudu vingine vinahama kwa njia hiyohiyo, na spiriti ya kupitisha harakaharaka mbele ya mtu ni kutulizana roho tu.

Nikimaliza naosha uso kwa maji, napaka mafuta kidogo, basi. Ile aftashevu ya kuchoma yenye manukato makali nimeachana nayo, inaunguza ngozi ambayo tayari imekerwa. Na mafuta ya ndevu yanalainisha tu na kupunguza kuwasha, hayajazi pale ambapo hapaoti, anayekwambia vingine anakuuzia.

Sasa nani asiinunue? Anayetaka uso ung'ae bila kitu, hii itamkera kila siku. Mwenye ndevu za kushika kwa ngumi naye haitamfikisha, milimita 10 kwake ni kunyolewa, atafute mkasi na kitana. Na kama hujawahi kuwa na shepu yoyote, ningekushauri nenda kwanza kwa kinyozi anayejua akuchonge, piga picha mbele na pembeni, halafu nyumbani unakuwa unafuata mistari yake. Ndevu zinakua kama sentimita 1 hivi kwa mwezi, kwa hiyo mstari unaanza kufifia siku chache tu baada ya kutoka kwake, na hapo katikati ndipo trima inalipa, unasafisha shingo na mdomo mwenyewe, kwa kinyozi unarudi shepu ikishapotea.

Kwenye tano naipa nne kasoro. Hiyo kasoro ni ya kichana, kwa sababu mbali na kigurudumu chake, kimeshaanza ufa mdogo pale kinapobana, na nilipouliza kama naweza kupata kichana peke yake jibu likawa hakiuzwi hivyo, ninunue mashine nzima. Mota nzima, betri nzima, meno makali bado, halafu kitakachonitoa ni kipande cha plastiki. Kwa sasa nimekizungushia selotepu pale kwenye ufa na kinashika. Wewe kabla hujalipa yoyote ile uliza kwanza swali hilo moja, vichana vyake vinapatikana au havipatikani, mengine yote utayazoea.