Viatu vya ngozi vya kushonwa kwa mkono vya binti yangu, miezi saba baadaye

Nianze na aibu yangu kwanza ndo mjue mi si mtaalamu. Kabla ya hivi nilinunua viatu vingine mtandaoni, muuzaji kaandika "ngozi asilia, kazi ya mkono, havidhuru mazingira", picha zang'ara kweli kweli, nikatuma 3,200 kwa Mpesa nikasema bas, mtoto ashapata viatu vya Idi na harusi zote za mwaka. Vikavaliwa mara mbili vikarudi kabatini. Masika ilipopita navitoa, ile "ngozi" yabanduka kama rangi ya ukuta wa bafu, na soli ukiiminya yamung'unyika kama kashata. Fundi mmoja hapa Tudor akavigeuza geuza akacheka, akaniambia mamangu hii ni plastiki imepakwa juu ya kitambaa, soli nayo ni poliyurethani, povu la plastiki, na unyevu wa Mombasa waila polepole hata kiatu kikiwa kimelala tu. Muuzaji nikamtumia picha, tiki mbili za buluu, mpaka leo kimya.

Sasa safari hii nikasema sinunui kitu sijaona mikono inayokishona. Shoga yangu mmoja wa Kuze akanielekeza kwa babu mmoja Mji wa Kale, anashona makubadhi miaka na miaka, chumba kimoja na kibaraza, na ukimletea mtoto akampima anakushonea viatu vya kufunika pia. Jina lake siweki, mwenyewe amekataa, asema simu zikiwa nyingi kazi haiendi. Wa Mji wa Kale mshamjua tayari.

Nilienda mwezi wa nane, na nilienda na maswali. Ngozi yatoka wapi, imetengenezwa na nini, na nani anashona. Nilitegemea atanifukuza. Babu akachukua kipande cha ngozi nyeusi akakikata ubavuni kwa kisu, akaniwekea mbele ya macho: katikati pana mstari wa kijivu wa kibuluu. Akachukua kipande kingine, hudhurungi, akakikata, huko ni hudhurungi mwanzo mwisho. Ile ya kwanza ndo ngozi ya kromu, yaani iliyotengenezwa kwa chumvi za madini ya kromu, ya pili imedabighiwa kwa magome ya miti (kudabighi ni kuitengeneza ngozi mbichi isioze, neno hilo mara ya mwisho nililisikia kwa nyanya). Ya kromu kiwandani ni kazi ya siku moja mbili na ndo ngozi nyingi duniani, ya magome yakaa wiki kadhaa kwenye maji ya magome na ndo maana bei yake ina kiburi. Magome yenyewe ni ya miwati, ile miti ya bara. Zamani magome ya mikoko yetu yalikuwa yakipakiwa kupelekwa ng'ambo kwa kazi hiyo hiyo, sahii mikoko ukiigusa ovyo watu wa kijiji cha Gazi wanaoilinda watakujia juu.

Nililofurahia ni kuwa hakunidanganya. Angeweza kusema yote ni ya magome, mi ningejuaje? Akasema wazi, juu nakuwekea ya kromu maana ya magome ikilowa kwa mtoto wa shule itakakamaa na kupata madoa, lakini ndani, pale mguu unapogusa na ule unyayo wa ndani, naweka ya magome. Hilo kwangu lilikuwa muhimu kwa sababu binti yangu alishawahi kutoka vipele juu ya mguu kwa viatu vya shule, na daktari wa ngozi aliniambia yaweza kuwa kromu, yaweza kuwa gundi, yaweza kuwa mpira, bila kupima hawezi kuapa. Kromu yenyewe kwa kawaida haina neno, shida ni ikigeuka kuwa ile inayoitwa kromiamu sita, ngozi ikitengenezwa vibaya ama ikipata joto jingi. Umoja wa Ulaya tangu 2015 wameiwekea kikomo, miligramu 3 kwa kilo ya ngozi kwa bidhaa inayogusa mwili. Babu hana mashine ya kupima na hakujifanya anayo.

Alafu pale kibarazani kulikuwa na kijana, kama miaka kumi na mbili hivi, agonga misumari kwenye soli. Moyo ukanishuka, nikajisemea haya, natafuta viatu vya mtoto wangu nanunua jasho la mtoto wa mwenzangu. Nikauliza kwa adabu. Babu akasema ni mjukuu wake, shule zimefungwa, bora hapa kuliko barabarani. Sawa, kweli ilikuwa Agosti. Lakini mi ni mtu wa wasiwasi, mwezi wa kumi nikapita Jumanne saa nne asubuhi bila kusema, kijana hayuko, wapo vijana wawili wakubwa wenye ndevu na wote wanalipwa kwa pea wanayomaliza, mmoja aliniambia 700 kwa pea ya mtoto na sikumuuliza mbele ya babu. Ni pesa ndogo? Ni ndogo. Lakini pea yenyewe mi nililipa 2,800, kwa hivyo robo nzima imeenda kwa mkono ulioshona, na sidhani viatu vya dukani vina robo ya mtu yeyote.

Gundi ndo sikuipenda. Ni ile ile ya kawaida ya mkebe inayopanda kichwani, chumba kina dirisha moja, na hata barakoa hakuna. Nikasema, babu akanijibu nimeizoea, na mi nikaona hilo si jibu. Afadhali hutumia kidogo kwa sababu soli imeshonwa kuzunguka kote, uzi mnene kaupitisha kwenye nta, gundi ni ya kushikilia tu wakati wa kushona.

Kupima sasa. Alikataa nimpe namba tu. Alitaka mtoto mwenyewe, na alitaka jioni, maana mguu asubuhi ni mdogo jioni umejaa. Akamsimamisha juu ya kipande cha boksi, asimame kwa miguu yote miwili, akachora kwa penseli, akaongeza nafasi ya kidole mbele. Mguu wa kulia umezidi wa kushoto kidogo, miaka mitano namvalisha huyu mtoto sikuwahi kujua! Kisha akakunja soli ya sampuli kwa vidole viwili ikakunjika pale vidole vya mguu vinapokunjikia, si katikati. Ni krepu, mpira wa utomvu. Nilimuuliza kwa nini si tairi kama makubadhi mengine, akasema tairi ni la mtu mzima, kwa mtoto ni kama umemfunga jiwe.

Na kichekesho, dada yangu alikuja na wake wa miezi kumi, anataka vidogo vya kupigia picha. Babu akamkatalia pesa. Huyu mwache atembee chini, akianza kukimbia barabarani umlete. Dada alinuna mpaka Makadara.

Haya, miezi saba. Viatu viko hai. Ngozi ya juu imepata mikunjo lakini haijapasuka, haijabanduka. Vipele havijarudi, ingawa siwezi kuapa ni kwa sababu ya ngozi. Ncha ya kulia ililika kwa sababu binti huyu breki ya baiskeli yake ni kiatu, nikakirudisha, babu akafumua uzi, akabandika kipande kipya, akashona tena, 250, nikakaa nikangoja na kahawa chungu. Kwangu hapo ndo maana nzima ya kununua kitu hivi, maana kile cha mtandaoni hata fundi hakuwa na pa kushika.

Mabaya yapo msidhani nimelipwa. Aliniambia siku kumi, nikapata siku ya kumi na tisa, na kila nikipita naambiwa kesho inshallah. Wiki ya kwanza kisigino kilimchubua mpaka nikapaka mafuta ya nazi kulainisha, ikalainika kweli lakini rangi ikachuja, soksi nyeupe mbili za shule zimeharibika kabisa, bora mpake ndani kidogo sana na mgoje siku. Wakati wa vuli viliota ukungu wa kijani ndani ya kabati, nikafuta kwa siki nikavianika kivulini, sasa nimeviweka juu ya rafu na si kabatini. Risiti hakuna. Nusu unalipa mbele.

Na bei, jamani, tusidanganyane. Soko la Kongowea mtumba mzuri wa ngozi wa mtoto naupata kwa 400 mpaka 600, na ukitazama vizuri mtumba nao ni kuokoa kitu kisitupwe. Mkubwa wangu wa kiume namvalisha mtumba na sina haya. Ila nachungulia kwanza unyayo wa ndani, kama mguu wa mtoto mwingine ushajichora humo, kisigino kimelala upande, narudisha. Huyu wa kike nampa vya babu kwa sababu ya ngozi yake, na kwa sababu mdogo wake atavirithi, na kama soli itaisha kabla itabadilishwa.

Kitu kimoja kinaniuma bado. Kila Idi kubwa mitaani kwetu ngozi za mbuzi zatupwa jalalani zikaoza, na babu anunua ngozi iliyotoka viwanda vya bara ikasafiri mpaka hapa. Nikamuuliza kwa nini usichukue hizi. Akaangalia chumba chake, akaniuliza niziloweke wapi, kitandani?

Mguu ushaota. Jumamosi twaenda kuchorwa namba 29, jioni baada ya alasiri, na safari hii nimeomba ndani na nje iwe ya magome, rangi yake yenyewe, bila nyeusi. Amesema itapata madoa. Nimemwambia ipate.